Aliyenunua Shamba Lenye Kesi

Nakumbuka siku moja ya gulio pale Soni, ukungu umeondoka mapema na jua linawaka juu ya mabati, mimi na mama tumepanga mapeasi yetu juu ya gunia, mara nikasikia kicheko ninachokijua. Alikuwa baba mdogo Athumani, mdogo wake marehemu baba yangu. Kavaa kanzu mpya, kazungukwa na wanaume wenzake, na anasema kwa sauti ya makusudi ili itufikie pale tulipokaa.

"Kesi imekufa hiyo! Shamba si langu tena, nimeshampa mtu. Sasa shemeji atamdai nani? Ataudai upepo?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mama alikuwa anamkatia mteja kipande cha peasi aonje. Akaweka kisu chini polepole, akakaza khanga yake kiunoni, akaniambia, "Zaina, kusanya vitu. Tunakwenda kitivoni."

Mwanangu, nilikusanya kwa haraka mpaka nikasahau kuchukua kibati cha kupimia.

Kitivo ni shamba la bondeni, kando ya maji. Huku kwetu Shambaai milima tunayo mpaka tumeichoka, lakini ardhi ya bondeni, ile ambayo hata kiangazi ukichimba kidogo unakuta unyevu, hiyo ni ya wachache. Mwenye kitivo anakula kabichi na maharage mwaka mzima wakati wenzake wanayatazama mawingu. Cha kwetu, baba alikifyeka mwenyewe chini ya mlima wa Gare akiwa kijana, akaotesha mpakani masale, ile mimea ya kuonyesha mwisho wa shamba. Alipofariki, Uhuru ukiwa bado mbichi, baba mdogo alisubiri arobaini ipite, kisha akaingia na jembe lake. Alisema mjane hana shamba, na wadogo zangu wawili wa kiume bado walikuwa wanakojoa kitandani, watalima nini?

Mama akaenda kufungua kesi mahakama ya mwanzo. Eh! Watu walishika vichwa. Mwanamke kumshitaki shemeji yake! Wengine waliacha kutusalimia. Na nyumbani tulikuwa tunaishi na bibi, mama mzazi wa baba na wa baba mdogo Athumani. Fikiri wewe, bibi yule: mkwe wake na mwanawe wako mahakamani, na yeye anakula chungu kimoja na mkwe. Hakusema neno. Siku mama alipokwenda kufungua kesi, bibi alibaki mlangoni akimsindikiza kwa macho tu, na mimi sikujua macho yale yanasema nini.

Kesi ikasikilizwa mara ya kwanza. Baba mdogo aliitwa, akafika, akasomewa madai, akayakana. Hakimu akaahirisha mpaka mvua zipungue, ili mahakama ishuke bondeni ikalione shamba lenyewe. Ni hapo katikati, shauri likiwa wazi mezani kwa hakimu, ndipo baba mdogo akapata akili aliyodhani ni akili.

Tulishuka kitivoni karibu mbio. Bibi alituona tukipita nyumbani, akachukua fimbo yake akatufuata nyuma bila kuulizwa.

Tukamkuta kijana. Mrefu, mwembamba, kakunja suruali mpaka magotini, matope mpaka kwenye nyusi. Shamba lote ameshalitengeneza matuta, na miche ya kabichi imesimama mstari kwa mstari kama watoto wa shule. Alipomwona mama akatupa jembe, akainama kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unajua hapa uko kwa nani?"

"Niko kwangu, mama. Naitwa Hoza, natoka Mtae. Mzee Athumani amenipa shamba hili mbele ya mashahidi, nami nimempa ng'ombe wawili."

"Alikwambia kwamba lina kesi?"

"Kesi gani?"

"Hukuwauliza majirani?"

"Aliniambia nisiongee na majirani. Alisema watu wa huku wana kijicho, wataniharibia bahati."

Basi akatueleza. Kule kwao Mtae, juu kabisa kwenye ukingo wa mlima, walikuwa na shamba la mteremko ambalo kila mvua ikinyesha linahamia kwa watu wa chini. Baba yake hayupo. Mama yake ndiye aliyemwambia, chukua ng'ombe, nenda katafute bonde, ukishapata utuite. Akawaswaga wale ng'ombe kwa miguu, njia yote ile mbaya unayoisikia, akilala nao kwenye nyumba za watu. Alipokiona kitivo chetu alidhani Mungu amemsikia.

"Sijaiba kitu," akasema, na sauti ikaanza kupanda. "Nimetoa ng'ombe wangu. Siondoki!"

Mimi damu ilikuwa imeshachemka. Niliona jasho la baba yangu mle kwenye yale matuta. Nikainama nikaukamata mche wa kwanza, na niliazimia kwenda nao mstari mzima.

"Zaina! Simama wima!"

Alikuwa bibi. Alikuwa anashuka ukingo wa bonde kwa fimbo, anahema, lakini sauti ile, mwanangu, ilinishika shingoni. Nikauachia mche.

"Ukiung'oa huo mmoja tu," akasema, "kesho wewe ndiye utakayesimamishwa mbele ya hakimu, na Athumani atakaa pembeni anakunywa chai. Hicho ndicho anachokitaka. Hasira hasara."

"Bibi, dawa ya moto si moto?"

"Moto wa nani? Huyu kijana ndiye aliyeuwasha?" Akamgeukia mama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiligusa jambo lile. "Mkwe wangu, ulianzia mahakamani, rudi mahakamani. Mwambie hakimu kwamba shamba limehamishiwa mtu mwingine kesi ikiwa haijakwisha. Mwambie leo, usingoje kuitwa."

Mama hakurudi hata nyumbani kubadilisha khanga. Alikwenda hivyo hivyo na matope yake, akamweleza karani, karani akamwingiza kwa hakimu. Ikatoka amri: pasiwe na mtu wa kuliuza wala kulitoa tena shamba lile, wala kujenga, wala kukata mti, mpaka kesi iamuliwe. Na yule kijana wa Mtae naye aitwe, afike siku ya shauri.

Baba mdogo aliposikia hayo alicheka tu. Akazidi kununulia watu chai.

Siku yenyewe ikafika. Mwanangu, ungekuwepo! Watu walitoka Gare, walitoka Soni, wengine hata hawatujui wala hawamjui Athumani, wamesikia tu kuna mwanamke na kuna shamba lililohamishwa. Ukumbi ulijaa, madirisha yakajaa vichwa. Hakimu alikuwa bado kijana, mtu wa bara mbali huko, ana miwani, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu mbegu. Kushoto na kulia kwake wameketi wazee wa baraza wawili, watu wazima wanaojua mila zetu.

Baba mdogo akasimama. Kanzu ile ile. Akakohoa.

"Bwana hakimu, mimi sina maneno mengi. Huyu mama ananidai shamba. Shamba hilo mimi sina. Nimempa Hoza, yule pale, mbele ya mashahidi. Mtu hadaiwi kitu asichokuwa nacho. Naomba kesi ifutwe nikalishe mbuzi."

Ukumbi ukaguna. Nikamtazama mama, naye alikuwa anamtazama hakimu. Kwa kweli, mwanangu, mimi mwenyewe niliona amesema jambo lenye nguvu. Utamdaije mtu kitu alichokwisha kukitoa?

Hakimu akauliza, "Ulimpa lini?"

"Baada ya kile kikao cha kwanza."

"Kwa hiyo ulipokuwa unampa ulijua kwamba shamba lina kesi."

"Nilijua sana! Ndiyo maana nikafanya haraka!"

Lo! Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja dirishani alicheka mpaka akaanguka nje. Hata mzee mmoja wa baraza alifunika mdomo kwa kofia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile ilikuwa fupi kuliko nilivyowahi kuona. Hakimu akagonga meza, akangoja kimya kirudi, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote.

"Sikilizeni wote, maana mmekuja wengi. Mali ikishafikishwa mahakamani, anayeigombania hawezi kuikimbia kesi kwa kuitoa mali mkononi. Tukiruhusu hivyo, kila mdaiwa atampa shemeji, shemeji atampa rafiki, na mwenye haki atazeeka akimfukuza mtu mmoja baada ya mwingine. Kesi hii inaendelea kana kwamba shamba halikuhamishwa. Athumani akishinda, Hoza atabaki na shamba lake. Athumani akishindwa, Hoza naye ameshindwa, hata kama hakuwahi kutamka neno humu ndani. Aliyepokea hawezi kupata zaidi ya alichokuwa nacho aliyempa."

Hoza akaruka kutoka kwenye benchi la nyuma. "Bwana hakimu! Mimi sijamkosea huyu mama! Hata sikuwa namjua!"

"Naamini hukumkosea," akasema hakimu, na wala hakumkemea. "Lakini umekwenda kusimama mahali pa mtu anayedaiwa. Athumani hakukupa shamba, kijana. Amekupa kesi. Sogea mbele, ukae upande wake, ukiwa na la kusema utasema."

Nilimwona Hoza akisogea. Ule mwendo wake ulinitoa hasira yote. Alikaa kwenye benchi lile mbali na baba mdogo kadiri benchi lilivyomruhusu.

Basi mahakama ikashuka bondeni. Hakimu mbele, wazee wa baraza, karani na karatasi zake, na sisi umati wote nyuma, njia nyembamba, utelezi, watoto wanapita katikati ya migomba wafike kwanza. Hakimu aliteleza mara moja akadakwa na mama yangu mwenyewe! Watu wakapiga makofi. Mambo ya ajabu, mdai kumdaka hakimu.

Pale mpakani palipokuwa na masale, hakimu akauliza nani aliyaotesha na kwa ajili gani. Baba mdogo akasema aliyaotesha yeye. Mashahidi wake wawili wakaitikia. Shahidi wa mama, jirani mmoja, alianza kusema kisha akamwona Athumani anamkazia macho, akameza maneno yake. Nilisikia maji ya mtoni. Nikajua tumekwisha.

Ndipo bibi akapiga fimbo chini. "Bwana hakimu, mimi sijaulizwa."

"Wewe ni nani, bibi?"

"Mimi ni mama yake huyu Athumani."

Watu wa nyuma wakasukumana kusogea karibu. Baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Mama. Usifanye hivyo, mama." Haikuwa sauti ya mtu wa gulioni tena. Ilikuwa sauti ya mtoto.

Bibi akamtazama mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi niliuona uso wake ukikunjamana kama mtu anayetolewa mwiba. Kisha akasema: "Nimewazaa wote wawili. Mmoja yuko ardhini hawezi kujisemea, kwa hiyo nitamsemea mimi. Masale haya aliyaotesha mkubwa, siku alipomtoa mke wake ndani baada ya kumzaa huyu Zaina. Athumani alikuwepo. Ndiye aliyechimba mashimo, na mkubwa akamwambia, mdogo wangu, upande ule wa juu ni wako, huu wa maji ni wa nyumba yangu. Nami nilikuwa nimesimama hapa nilipo. Athumani mwanangu, nasema uongo?"

Baba mdogo alitazama masale. Akatazama mto. Mwishowe akatikisa kichwa kwamba si uongo, akajifuta uso kwa ncha ya kanzu ile mpya.

Wazee wa baraza hawakuhitaji muda. Tuliporudi ukumbini hukumu ikasomwa: kitivo ni cha nyumba ya marehemu, kitakuwa mikononi mwa mjane na watoto wake. Hoza atavuna kabichi alizozipanda, kwa kuwa jasho ni lake, kisha ataondoka. Na Athumani amrudishie Hoza ng'ombe wake.

Mwanangu, vigelegele! Wanawake walioacha kutusalimia ndio waliopiga vya juu zaidi. Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, ananishika, anamshika bibi, anawashika hata watu asiowajua. Mimi nilikimbia kutoka pale mpaka nyumbani nikipiga kelele njiani, "Tumeshinda! Tumeshinda!" na wapita njia waliitikia bila kujua tumeshinda nini.

Ila kumbe ng'ombe mmoja baba mdogo alikuwa ameshamtoa mahari ya mke wa mwanawe, huko Bumbuli, na wakwe hawakutaka kusikia habari za kurudisha. Baba mdogo akalazimika kumtoa ng'ombe wake wa maziwa, yule aliyekuwa akimwimbia asubuhi. Siku Hoza alipowachukua, kijiji kizima kilitoka kutazama. Kabla ya hapo tulimsaidia kuvuna. Mama ndiye aliyesema tumsaidie. Kabichi zilikuwa kubwa ajabu, yule kijana alikuwa mkulima kweli, na alipomaliza alituachia zilizojaa matenga mawili, akasema, "Mama, hizi zimenywa maji ya kwenu." Akaswaga ng'ombe wake kurudi Mtae, na akaenda akipiga mluzi. Usinitazame hivyo, mwanangu, hakunioa. Alioa kwao.

Na baba mdogo? Hakuja kwetu kwa muda mrefu. Siku moja bibi alimtuma mtu amwite. Akaja, akakaa mlangoni kama mgeni. Bibi akampa maji ya kunawa, akampakulia chakula. Akala. Baada ya hapo akawa anakuja. Siasa ya Ujamaa ilipoingia na kijiji kikaanzisha shamba la pamoja, mama alichaguliwa kwenye kamati, na watu waliokuwa na jambo la ardhi walimfuata kwanza yeye. Baba mdogo alikuwa mmoja wao.

Sasa wewe, mwanangu, nimesikia umeanza kutafuta kiwanja. Nafurahi, kijana kutaka pake ni heshima. Lakini ukionyeshwa ardhi nzuri kwa bei ya kukutoa udenda, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda kaongee na majirani wa pande zote, na ukiambiwa usiongee nao, hapo hapo geuza miguu yako uondoke. Muulize balozi wa nyumba kumi. Nenda mahakamani na ofisi ya ardhi uulize kama ina shauri, maana ukinunua kitu kilicho kwenye kesi umenunua na kesi yake, na hukumu itakufunga hata kama ulikuwa umelala nyumbani kwako. Usiniambie hukujua. Hoza naye hakujua.

Na kama siku moja wewe ndiye utakayedaiwa, Mungu apishe mbali, usiharakishe kumwandikisha mkeo au rafiki yako ile mali ukidhani umetoroka. Simama, jibu, ukishindwa shindwa kwa heshima. Ukimpa mtu mali yenye ugomvi hujamsaidia, umemwingiza mtoni na mzigo kichwani.

Na ikiwa wewe ndiye mwenye haki, na ukaona mwenzako anaihamisha mali kesi ikiwa bado, usishike panga. Usiguse hata mche mmoja. Rudi mbio kwa hakimu, mwambie, omba zuio, omba yule aliyepewa naye aitwe. Anayeifuata haki kwa miguu ya sheria huchelewa, lakini akifika hakuna wa kumrudisha nyuma.

Haya, nenda kaangalie kiwanja chako, na kabla hujatoa chochote pitia kwa majirani. Mungu akujalie ardhi yenye maji na majirani wanaokutakia mema. Akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu, uzeeke juu ya udongo ambao hakuna mtoto wa mtu anayeulilia. Amina, mwanangu, amina.